ULIZA SHANGAZI: Kichwa kimeshafika, vidole bado viko njiani

Mwezi uliopita niligusia kwa mistari michache kwamba makosa ya kuchapa si lazima yawe uzembe. Barua zilizokuja baada ya hapo ni nyingi, na baadhi zimeandikwa kwa uchungu. Nimechukua sita. Kwa msomaji mgeni wa ukurasa huu: nilisomea uhazili Tabora mwaka 1983, nikachapa barua za ofisi kwa miaka 35, na tangu nistaafu asubuhi zangu naketi kwenye steshenari ya binti wa kaka yangu, jirani na stendi ya mabasi, nikiwachapia watu barua za maombi na mikataba ya pango.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni karani, nina miaka 26. Nachapa maneno kama 60 kwa dakika, lakini kila barua yangu ina "an" badala ya "na", na "ynagu" badala ya "yangu". Neno "Mzee" kwenye jina la mwenyekiti wetu nimeshaliandika "Mzze" mara tatu. Bosi anazungushia kalamu nyekundu. Juzi aliisoma barua yangu kwa sauti mbele ya wenzangu, akasema mimi ni mzembe na Kiswahili chenyewe sikijui. Nimeanza kuiogopa kibodi. Je, ubongo wangu una tatizo?*
*Karani, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Huna tatizo, na Kiswahili unakijua. Asiyejua hukosea kwa namna nyingine: ataandika "harali" akimaanisha "halali", leo, kesho na keshokutwa, na ukimwonyesha hatashtuka. Wewe unaandika "na" sahihi mara mia, ya mia na moja inageuka, na ukiiona unaumia. Aliyeumia anajua.

Sasa weka mikono yako juu ya kibodi uitazame vizuri. Mpangilio huu, unaoitwa QWERTY kwa herufi zake sita za kwanza za juu, umetokana na mashine ya Mmarekani Christopher Latham Sholes, iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Remington mwaka 1874. Mtu yule hakuwa na Kiswahili kichwani. Kwenye mpangilio wake, a na e ziko mkono wa kushoto. Mkono wa kulia una i, o na u, pamoja na n, m, k, l, h, j, y na p. Fikiria basi silabi zetu: na, ma, ka, la, ha, ja, ya, pa. Zote zinaanza mkono wa kulia na kumalizikia wa kushoto. Na hiyo a, herufi tunayoitumia kuliko nyingine yoyote, imeangukia kidole kidogo cha kushoto.

Mchapaji mzoefu hatumi amri ya n, akangoja itimie, ndipo atume ya a. Amri zote mbili zinatoka karibu pamoja na mikono yote miwili inaanza kwenda. Kidole chako cha kushoto kimeshalala juu ya a, safu ya katikati, hakina safari. Cha kulia kinapaswa kushuka safu ya chini kuifuata n. Aliyeko karibu anafika kwanza, na kwenye kioo inatokea "an". Ama "yangu", hilo mikono inapokezana herufi kwa herufi kuanzia mwanzo hadi mwisho: kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Kupishana hapo ni rahisi mno. Zikague barua zako za zamani uone kama "ni" umeigeuza "in" mara nyingi kama "na". Sidhani, kwa sababu n na i ziko mkono mmoja, na mkono mmoja hujipanga wenyewe.

"Mzze" nayo ina maelezo yake, na yalinifurahisha nilipoyajua. Wanasaikolojia David Rumelhart na Donald Norman, katika kazi yao ya mwaka 1982 kuhusu wachapaji mahiri, walionyesha kwamba kurudia herufi ni amri inayojitegemea. Akili haisemi "e, e". Inasema "e", halafu pembeni inasema "hii mara mbili". Vidole vikiwa na haraka, ile "mara mbili" inaikuta herufi jirani. Kwa Kiingereza neno book linatoka "bokk". Kwako wewe amri ilikuwa ya e, ikashukia z.

Kwa hiyo kosa lako, mwanangu, ni kosa la mkono uliofundishwa vizuri, unaotii akili iliyokwisha kufika neno la tatu mbele. Anayedonoa herufi moja moja kwa kidole kimoja hawezi kugeuza "na" hivyo hata akitaka.

Hata hivyo, barua inayokwenda kwa mtu lazima iende safi, na hilo ni jukumu letu. Usijilazimishe kuchapa polepole siku nzima, utachoka na makosa yatabaki palepale. Chukua maneno yako matatu tu yanayokutesa. Kila asubuhi kabla ya kazi yachape mstari mmoja mmoja kwa mapigo sawa, kama anayetwanga. Tabora mwalimu wetu alikuwa akigonga meza kwa rula, darasa zima tunashusha kidole pamoja: n, a, nafasi, n, a, nafasi. Rula ikichelewa, tunaingoja. Hadi leo nikichoka naisikia.

Ukimaliza barua, itafutie " an " yenye nafasi huku na huku kwa ile amri ya kutafuta. Unaweza pia kuiagiza programu igeuze "an" kuwa "na" yenyewe, kwa kuwa Kiswahili hakina neno "an". Ila kama ofisi yenu inaandika na Kiingereza usifanye hivyo, maana kule ni neno halali na utaharibu barua nyingine. Na usikague kwa kutafuta maneno mageni tu. Mtafiti Fred Damerau alipochunguza makosa ya tahajia mwaka 1964, zaidi ya 80 katika kila 100 yalikuwa ya hatua moja: herufi imezidi, imepungua, imebadilishwa, au mbili jirani zimepishana. Neno lako lililoharibika litakuwa linafanana sana na lililo sahihi. Jicho lisitafute ajabu, litafute kilichosogea kidogo.

Jambo la mwisho kwako: kiamini kidole. Nina hakika umewahi kuhisi hapa nimekosea kabla macho hayajaona. Si ndoto. Gordon Logan na Matthew Crump, wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mwaka 2010 walichapisha jaribio ambalo kompyuta ilikuwa ikiyasahihisha kimyakimya makosa ya wachapaji. Kwenye kioo neno lilionekana zima na wachapaji waliamini wamepatia, lakini vidole vyao vilipunguza mwendo baada ya kosa. Kidole kilijua. Kikisita chako, simama usome neno hilo.

Na wewe bosi, ikiwa gazeti hili linafika mezani kwako: kuisoma barua ya kijana mbele ya wenzake hakujasahihisha herufi hata moja. Kumemfanya aanze kuvitazama vidole vyake kwa hofu, na mchapaji anayevitazama vidole ndipo vinapojikwaa zaidi. Mpe mwenzake wa kusomeana naye barua nzito kabla hazijaja kwako. Dakika tano zinatosha.

*Shangazi, mwezi uliopita baba alizidiwa usiku tukamkimbiza hospitali. Nikiwa pale kwenye benchi nilimwandikia kaka yangu aliyeko Mwanza kwamba baba amelazwa. Nilipofika "amela", simu ikaleta maneno juu, nikagusa bila kuangalia, ikaenda "Baba amelala". Kaka akaelewa amefariki. Aliangua kilio kazini, akawapigia ndugu watatu, mmoja akaanza kuulizia turubai na viti. Baba alitoka siku ya nne akiwa mzima. Kaka amenisamehe, mimi sijajisamehe. Sasa kila ujumbe nausoma mara tano na bado natetemeka nikituma.*
*Binti wa Muheza*

Pole sana, mwanangu, na tumshukuru Mungu baba yuko nyumbani.

Tazama kilichotokea kwenye benchi lile. Mawazo yako yalikuwa wodini. Simu ilikuwa inakisia. Kidole chako kilibaki peke yake na herufi tano, a-m-e-l-a, ambazo ni za "amelazwa" na ni za "amelala" vilevile. Katika maisha yako "amelala" umeliandika mara ngapi? Mtoto amelala, nilikuwa nimelala, mgeni amelala kwetu. Ni njia iliyokanyagwa hadi ikatoa vumbi. "Amelazwa", kwa heri tu, umeliandika mara chache. Mawazo yakiondoka, kidole hufuata njia iliyokanyagwa. Rafiki yangu tuliyekuwa naye ofisi moja, baada ya miaka 20 ya barua za "mwananchi", alimwandikia binti yake aliyeko bweni akaanza: "Mwananchi mpenzi". Alikusudia mwanangu. Aliponionyesha alikuwa analia, akidhani kazi imemla hadi moyoni. Haikuwa imemla. Mwana- ni mwanzo mmoja wenye njia mbili, na mkono ulishika ile uliyoizoea.

Kwako kulikuwa na mzigo wa pili, na huo ni wa lugha yetu. Sisi kifo tunakifunika. Tunasema amelala, ametutoka, ametangulia. Kaka yako alikusoma kama Mswahili anavyosoma habari ya usiku, huku moyo umeshatangulia kuogopa.

Habari nzito, piga simu. Ukishindwa kupiga, iandike habari kwa maneno yanayoshikiliana: "Baba amelazwa, wodi ya wanaume, amewekewa dripu, anaongea." Hapo hata neno moja likienda vibaya, "anaongea" inaliokoa. Neno moja peke yake halina wa kulisaidia.

Halafu ingia kwenye mipangilio ya kibodi ya simu uyazime yale maneno yanayojitokeza juu. Vidole gumba vina makosa yao mengine pia, nakuandikia ili ujue pa kutazama. U na i zimekaa pamoja, kwa hiyo mtu anakuwa mti, kitu kinakuwa kiti, na "siku tatu" zinakuwa "siki tatu". S na d ni majirani: dawa na sawa. K na l: haki na hali. T na r: mwalimu mmoja aliniletea tangazo nimchapie upya, simu yake ilikuwa imewaita mkutanoni "wazazi wa watoro" akimaanisha watoto, na wazazi walikuja wamenuna. Haya ndiyo hatari kuliko "ynagu", kwa sababu yote ni Kiswahili safi. Hakuna mashine itakayoyapigia mstari mwekundu.

Na kuhusu kusoma mara tano: macho yako yanasoma kilichomo kichwani, si kilichoandikwa. Ukirudia mara tano umekisoma kichwa chako mara tano. Soma mara moja, midomo ikitembea, kila silabi. Mara moja ya mdomo inatosha, tuma, uweke simu chini.

*Shangazi, mimi ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake 22. Naandika michango kwenye kompyuta ya mwanangu. Mwisho wa mwezi daftari linasema tuna shilingi 27,000 zaidi ya fedha zilizomo sandukuni. Sijachukua hata senti. Wenzangu hawajasema neno ila naona macho yao.*
*Mweka hazina, Dodoma*

Kabla hujalala leo, gawanya 27,000 kwa 9. Unapata 3,000 kamili. Watu wa mahesabu wamelitumia jambo hili miaka mingi: tarakimu mbili jirani zikipishana, tofauti inayozaliwa lazima igawanyike kwa 9. Aliyetoa 47,000 ukamwandikia 74,000, tofauti ni 27,000. Aliyetoa 25,000 akaandikiwa 52,000, tofauti ni hiyohiyo. Ile 3 uliyoipata nayo inasema kitu: tarakimu zilizopishana zinaachana kwa tatu. Basi usipekue mwezi mzima. Kwenye daftari tafuta 41, 52, 63, 74, 85 na 96 elfu, na kila ukiiona mojawapo mwulize mwenyewe alitoa kiasi gani.

Kugawanyika kwa 9 si ushahidi wa mwisho, kunakuonyesha tu pa kuanzia kuchimba. Ukikosa, igawe 27,000 kwa 2, utafute 13,500. Huenda mtu alichukua fedha hizo nawe ukaziandika upande wa walioleta, kwa hiyo zikahesabiwa mara mbili.

Tarakimu zinahitaji ulinzi kuliko maneno, dada yangu. "Ynagu" linajishitaki lenyewe. 74,000 haijishitaki, inasimama pale imenyooka kama 47,000. Ofisini kwetu hundi na orodha za mishahara hazikutoka bila kusomeana: mmoja anashika karatasi ya asili, mwingine nakala, anayesoma anasema "nne, saba, sifuri, sifuri, sifuri", hasemi "arobaini na saba elfu". Tarakimu moja moja. Chagua mwanakikoba mmoja, awe yule mwenye macho makali kuliko wote kwako, umwombe asome nawe kila mwisho wa kikao. Na kesho usiwangoje waseme. Waambie wewe kwanza kwamba kuna 27,000 unazitafuta, na waonyeshe unavyozitafuta.

Vivyo hivyo na fedha za simu: jina linajitokeza kabla hujaweka namba ya siri. Lisome hilo jina.

*Shangazi, hujambo? Binti yangu wa Gredi ya 7 anajifunza kuchapa bila kutazama. Jana alitaka kuandika "habari" ikatoka "jsnsto". Alianza kulia akidhani ameharibu kompyuta ya dadake. Imeharibika kweli?*
*Baba, Nakuru*

Sijambo, baba. Haijaharibika, na binti hajakosea herufi hata moja. Mikono yote miwili imekaa hatua moja kulia kuliko inavyopaswa, basi: h ikawa j, a ikawa s, b ikawa n, r ikawa t, i ikawa o. Kama ungehama mkono wa kulia peke yake ungeona "jabaro". Mwambie afumbe macho apapase vitufe vya F na J. Kila kimoja kina kijitutuo kidogo. Vidole vya shahada vikikaa juu ya vijitutuo hivyo viwili, mikono iko nyumbani. Apapase kila anaporudi kutoka kunywa maji au kushika kipanya. Na umpongeze, kwa maana kuchapa neno zima bila kutazama, vidole vikaenda sawasawa hata pasipo mahali pake, ni dalili kwamba ameshajua.

*Shikamoo Shangazi. Niko mwaka wa kwanza uhazili. Mwalimu alisema wino mweupe wa kufutia uligunduliwa na mhazili. Ni kweli?*
*Mwanafunzi, Arusha*

Marahaba. Ni kweli, na jina lake likumbukeni: Bette Nesmith Graham, mhazili wa benki huko Dallas, Texas. Mashine za umeme zilipokuja miaka ya 1950, utepe wake haukufutika vizuri kwa raba. Aliwaona mafundi wanaochora madirisha ya benki: wakikosea hawafuti, wanapaka rangi juu. Akatia rangi nyeupe kwenye kichupa, akaja nayo kazini na brashi ndogo. Mwaka 1956 akaanza kuuza vichupa kwa jina la Mistake Out, baadaye Liquid Paper, na mwaka 1979 kampuni yake ikanunuliwa na Gillette kwa dola milioni 47.5. Inasimuliwa pia kwamba alifukuzwa kazi baada ya kuchapa jina la kampuni yake mwenyewe kwenye barua ya mwajiri wake. Kichwa kilikuwa nyumbani kwenye vichupa, vidole viko ofisini. Nikifikiria hilo namwona kama dada yangu.

Sisi kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala nyingi, tulikuwa na wino mwingine, mwekundu, wenye harufu ya rangi ya kucha. Unapaka herufi iliyokosewa, unapuliza, unangoja ukauke, unairudisha karatasi na kupiga tena huku unaomba itue palepale. Ukipiga kabla haujakauka, stensili inatoboka na ukurasa mzima unaanza upya.

*Mdogo wangu, salaam. Nina miaka 71, mwalimu mstaafu, na ndiye katibu wa ukoo wetu. Tulikaa kikao tukakubaliana hatutauza shamba la marehemu baba. Nikachapa muhtasari usiku uleule: "Tutauza shamba." Watu 14 wakatia sahihi, hakuna aliyeona. Sasa mdogo wetu wa mwisho, ambaye kikaoni alitaka liuzwe, ameushika muhtasari kama ushahidi. Nachapa kwa vidole viwili. Sentensi inakuwa imeisha kichwani wakati mimi niko neno la pili. Wajukuu wanasema uzee. Niache ukatibu?*
*Mwalimu mstaafu, Ujiji*

Shikamoo, kaka. Usiache.

Barua yako niliikunja nikaiweka mkobani siku mbili kabla ya kuijibu, kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi. Mwaka wangu wa pili kazini, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliandika barua kuuliza kama atahamishwa. Jibu lilikuwa hatahamishwa. Nilichapa "atahamishwa". Ni h moja. Mkubwa wangu alisaini, barua ikaenda. Wiki tatu baadaye mtu yule alifika ofisini na mke, watoto wawili, vitanda vimefungwa kamba juu ya gari la kukodi, na mbuzi ameshawauza. Nilitoa nakala kwenye jalada kumwonyesha kwamba amesoma vibaya. Hakuwa amesoma vibaya. Alisema tu, "Mama, mimi nilisoma kilichoandikwa," akarudi kwenye gari. Hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Kiswahili kinaweka kukanusha mwanzoni mwa kitenzi, tena kwa herufi chache mno. Hatutauza na tutauza. Hawatalipwa na watalipwa. Hatarithi na atarithi. Na mwanzo wa neno ndio mahali ambapo akili iliyo mbioni imeshapavuka: wewe ulikuwa umefika shambani, kwa baba, kwa ndugu zako waliokaa kwenye mkeka, wakati vidole viwili vinaitafuta h. Tangu siku ya mwalimu yule, nikimaliza barua narudi kushika kwa ncha ya kalamu kila kitenzi cha kukana, nikijiuliza hapa tunakubali au tunakataa. Sijawahi kuacha, hata kwa barua ya mistari mitatu.

Uzee nao tuuweke mahali pake. Mwanasaikolojia Timothy Salthouse mwaka 1984 aliwapima wachapaji wa umri wa miaka 19 hadi 72 wakinakili maandishi. Wazee vidole vyao vilikuwa vizito zaidi, lakini mwendo wao wa kuchapa haukupungua, kwa kuwa macho yao yalikuwa yakisoma mbele zaidi ya vijana na kuviandalia vidole njia. Waambie wajukuu.

Ila ona, hao walikuwa wakinakili. Kilichoandikwa kilikuwa mbele yao kwenye karatasi. Wewe unatunga na kuchapa kwa wakati mmoja, na hizo ni kazi mbili. Zamani zilikuwa za watu wawili, au watatu. Mkubwa alisema kwa imla, nami niliandika hatimkato, penseli inakimbia sambamba na mdomo wake. Baadaye nikakaa peke yangu na mashine, sina la kufikiri, maana mawazo yamekwisha kuwekwa kwenye daftari. Wa tatu alinisomea. Siku hizi mtu mmoja, na simu moja, saa nne usiku, anafikiri, anaandika, anajisomea na kutuma, halafu tunashangaa "ha" imepotelea wapi.

Zitenganishe tena, kaka. Kikaoni andika kwa kalamu, kwa mkono wako wa ualimu, ambao naamini bado ni mzuri. Hapohapo isome kila hoja iliyoamuliwa kwa sauti, watu waitikie. Asubuhi, si usiku, ndipo uchape ukinakili kutoka daftarini, neno baada ya neno. Ukikosea herufi katikati ya sentensi usirudi nyuma kuifuta, maliza sentensi kwanza. Ukirudi kila mara utapoteza wazo na utaacha neno lingine hewani. Kisha mpe mjukuu mmojawapo wa wale wanaocheka ashike nakala, wewe ushike daftari, msomeane.

Ama muhtasari wenyewe, usipake wino mweupe kokote. Ukipaka, hata aliyekuamini atashuku. Waite walewale 14, mwombeni mtendaji wa mtaa awepo. Neno "Tutauza" lipige mstari mmoja, libaki linasomeka. Juu yake andika "Hatutauza" kwa kalamu, weka tarehe, na kila mmoja atie sahihi pembeni mwa neno hilo, si chini ya ukurasa. Mdogo wenu asiitwe mwongo kikaoni, maana naye alisoma kilichoandikwa. Kabla ya sahihi, sentensi iliyosahihishwa isomwe kwa sauti, na umwombe aisome yeye.